Kasuku Amekataa Soda

Msusi alikuwa amefika nusu ya kichwa cha mteja simu ilipolia. Alipoona ni mwalimu wa darasa la kwanza, aliipokea hapo hapo.

"Mama Kasuku, njoo. Sukari ya mtoto imeshuka, na soda amekataa kunywa."

Amekataa? Mtoto gani wa miaka sita anayekataa soda, jamani? Msusi alikata simu. Alimwacha mteja na nywele zimesukwa upande mmoja, akatoka mbio na mafuta mikononi.

Shule haikuwa mbali, na njiani alijipa moyo. Si alikuwa amepanga kila kitu? Asubuhi alimdunga mwanawe insulini, dawa yake ya kisukari, akamsimamia mpaka akala. Mwalimu alishafundishwa kupima tone la damu kidoleni, na soda ilikaa kwenye kabati la darasa kwa ajili ya siku kama hii. Alimweleza mwalimu, akamweleza mwalimu mkuu, akamweleza hata mlinzi wa getini. Mtu pekee ambaye hakumweleza ni Kasuku mwenyewe.

Kasuku alikuwa ameambiwa jambo jingine kabisa. Wenzake walipoanza kumgawia pipi, mama alishikwa na woga, akamkamata mabega na kumwambia: "Ukiwa shule, chochote kitamu usiguse. Hata akikupa nani. Ukila, utakufa." Haya basi, maneno gani hayo ya kumwambia mtoto! Lakini yalifanya kazi. Pipi zilikoma, naye mama akapata usingizi.

Alimkuta Kasuku amelazwa kwenye mkeka nyuma ya darasa, jasho linamtiririka, midomo ameibana. Huyu ndiye mtoto aliyepewa jina hilo kwa kuongea mpaka majirani wakachoka. Wenzake walikuwa wametolewa nje. Mwalimu alikuwa amepiga magoti kando yake, shati limelowa soda iliyomwagika.

"Nimembembeleza weee, anatikisa kichwa tu," alisema mwalimu. "Anasema wewe ndiye uliyemkataza. Gari la hospitali nimeshaliita."

Msusi alitamani ardhi ipasuke immeze. Alimwinua mtoto, akamwegemeza kifuani, akaichukua chupa.

"Kunywa, mwanangu."

Kasuku alimtazama. Macho yalikuwa mazito, lakini alimjua. "Nitakufa," alisema kwa sauti ndogo.

"Hufi. Kunywa."

"Ulisema."

Angeweza kumweleza jinsi sukari inavyopanda na kushuka, lakini muda huo haukuwepo. Mikono ya mtoto ilikuwa inatetemeka kifuani mwa mama yake.

"Mama anakuomba," alisema.

Basi Kasuku akafungua mdomo. Alikunywa polepole, funda kwa funda, machozi yanamtoka, huku ameng'ang'ania gauni la mama yake. Hapo ndipo msusi alipoelewa, na kuelewa kwenyewe kulimkata maini. Mtoto hakuwa ameacha kuamini. Aliamini bado kwamba akinywa atakufa, na alikuwa anakunywa kwa sababu mama amemwomba.

Baadaye kidogo mwalimu alipima tena. Sukari ilikuwa inapanda. Jasho lilikauka, mikono ikatulia, na Kasuku akaanza kutazama huku na huku kama mtu aliyeamshwa ugenini.

"Sijafa," alisema.

"Hujafa. Mama alikudanganya, mwanangu. Niliogopa, nikakudanganya. Nisamehe."

Kasuku alifuta machozi kwa gauni la mama. Msusi alidhani yameisha.

"Na uliposema sindano zitaisha nikiwa mkubwa?"

Mwalimu aliinama kukusanya vipande vya pamba. Msusi alikuwa na jibu tayari mdomoni, lile lile tamu la kila asubuhi, na alilimeza kwa shida.

"Na hilo pia," alisema. "Haziishi, mwanangu. Mpaka apatikane daktari atakayejua dawa ya kuuponya ugonjwa huu, utadungwa kila siku."

Kasuku hakulia. Aligeuza uso wake, akamuuliza mwalimu kama ni kweli.