Filimbi Iliyoshonwa Begini

Mjane yule, fundi cherehani, alisimama nyuma ya kamba iliyofungwa kuwazuia wazazi, na birika la chai mkononi, macho yamemtoka kuelekea kilimani. Ukungu ulikuwa umeshuka ghafla. Njia ya huko juu ilipita kando ya machimbo ya mawe yasiyo na uzio, na kitinda mimba wake alikuwa huko na vijana wenzake, wanajipima miguu kabla ya mashindano ya matembezi marefu.

Sharti la kocha lilikuwa moja: mzazi akivuka kamba, mwanawe anatolewa kikosini. Na binti, ambaye wenzake walimwita Kasuku kwa kuongea kwake, alimsisitiza asubuhi mlangoni, "Mama, chonde, usiniaibishe. Kaa na birika lako."

"Nitakaa nalo kama ndilo nililozaa," alimjibu.

Vivuli vikaanza kujitokeza, kimoja kimoja. Wa mwisho alivaa kofia ya koti hadi machoni, na kwenye mkanda wa begi begani kwake mjane akakiona kiraka chekundu alichokishona kwa mkono wake. Akashusha pumzi. Akamshukuru Mola kimoyomoyo, akamimina chai.

Kofia ilipovuliwa, uso haukuwa wa mwanawe. Alikuwa Kidoti, yule msichana mdogo ambaye hata akiwepo hakuna anayemsikia.

"Kasuku yuko wapi?" kocha aliuliza.

"Nyuma yangu." Kidoti akageuka. Hapakuwa na mtu. "Alinionea huruma kwa uzito wa hema, tukabadilishana mabegi. Nilikuwa namsikia akiongea, halafu akanyamaza. Nikajua kachoka."

"Ah! Kila nikigeuka naona kiraka chekundu," alisema Twiga, kijana mrefu aliyeongoza msafara, mikono kichwani. "Nikasema huyo yupo!"

"Tulieni," kocha alisema. "Nimewafundisha. Aliyepotea anakaa alipo, anapiga filimbi. Tusikilize."

Wakasikiliza. Upepo tu. Vidole vya mjane vilitambaa kwenye mkanda wa begi alilobeba Kidoti, vikagusa kitu kigumu, na moyo ukampasuka pa!

"Hatapiga," alisema. "Filimbi yake hii hapa. Niliishona mwenyewe kwa uzi maradufu, isije ikapotea."

Kocha akabadilika rangi. Akamvuta Twiga, wakaanza kupanda mbio. Mjane akainua mguu kuwafuata.

"Mama, hapana!" kocha alipaza sauti bila kusimama. "Sizungumzii kikosi sasa. Ukipotea na wewe, tunatafuta wawili. Piga hiyo filimbi! Usiache!"

Mguu ukabaki hewani. Kila mfupa wake ulitaka kupanda. Akaurudisha chini, akamvua Kidoti begi, akalikumbatia kama mtoto mchanga, akapuliza. Ee Mola, hii sauti ifikishe wewe. Akapuliza tena. Midomo ikafa ganzi, machozi yakamshuka, lakini hakuyafuta, maana kufuta ni kuacha.

Kidoti akamkamata mkono. "Mama, kule!"

Kasuku hakutokea njiani. Alitokea upande wa machimbo, hema mgongoni, goti limechubuka, mweupe kwa vumbi la mawe kama aliyemwagiwa unga. Alifika kwenye kamba, akaishika kwa mikono miwili.

"Nilisimama kufunga kiatu," alisema. "Sikuona kitu. Nikaanza kutambaa kulia, vijiwe vikawa vinaporomoka mbele yangu, sisikii vikitua. Ndipo nikasikia filimbi, iko kushoto."

Binti akamtazama mama yake miguuni, vidole vimeishia chini ya kamba.

"Hukuvuka?"

"Uliniambia nikae na birika." Birika lilikuwa limepinduka zamani, chai yote imenywewa na ardhi.

Mama akaukata uzi kwa meno, kama afanyavyo kazini, akaifungia filimbi kwenye utepe uliokuwa mfukoni mwake na kumvika binti shingoni.

"Haya, piga sasa," alisema. "Wenzio wako huko juu wanakutafuta."

Kasuku akapuliza.