Shetani Bila Mapembe

Hakuna mama aliyekubali mwanawe aigize Shetani. Evelyn, mwalimu wa vijana usharikani, alipita nyumba moja baada ya nyingine, na kote alikaribishwa chai, akanywa, akakataliwa. Watu wa mlimani wanajua: ukiigiza Yusufu, kesho wamekusahau, ukiigiza Shetani, unazikwa na jina hilo. Ndipo akaishia kwa Eliudi, ambaye hakuwa na jina zuri la kuharibu, maana alishatengwa.

Kosa lake halikuwa siri. Alimchukua Loveness wakaanza kuishi pamoja kabla ya ndoa, na sasa walikuwa na mtoto mchanga, Davis. Mtu wa namna hiyo kanisani hukaa, huimba, hupeleka mkungu wake wa ndizi mnadani baada ya ibada, lakini meza ya Bwana huiona kwa mbali. Eliudi alitaka sana warudi kundini, wabariki ndoa yao, na mtoto abatizwe Krismasi, ukoo mzima ukiwa umepanda nyumbani kutoka Dar na Arusha. Wa kuamua ni baraza la wazee.

Kikwazo kilikuwa kimoja, na kilitembea na fimbo. Mzee Ndelilio hakuwa na kazi nyingine duniani ila kujua habari za watu. Alishinda akipanda na kushuka vijia vya migombani, na kikao kikifika alisimama, mkono mmoja mgongoni, akakohoa mara mbili, kisha akasema kwa upole, "Mimi nauliza tu." Akishauliza, kuna mtu amekwisha.

"Ukiigiza vizuri, wazee wataona umejitoa kwa kazi ya Bwana," Evelyn alimwambia Eliudi, akimkabidhi pembe za beberu na mkia wa kamba ya katani.

Igizo lilikuwa la Ayubu. Eliudi akaazima Biblia ya mama yake, Martha, akasoma, akashangaa. Alitafuta mapembe, hakuyaona. Alitafuta moto, hakuna. Shetani alikuja kikaoni pamoja na wana wa Mungu, akaulizwa anatoka wapi, akajibu kwamba ametoka kuzunguka-zunguka duniani. Kisha akauliza kaswali kadogo tu: je, Ayubu anamcha Mungu bure? Eliudi akafunua mpaka Ufunuo, na huko akakuta anaitwa mshitaki wa ndugu zetu.

"Mama, kumbe huyu ni mtu wa vikao!"

"Soma, acha maneno," Martha alijibu, akimenya ndizi za mtori.

Siku ya igizo Eliudi aliyaacha mapembe kwenye benchi, akavaa suti ya marehemu baba yake, akaingia. Hakukusudia ubaya. Lakini maisha yake yote alikuwa amemwona mshitaki mmoja tu, yule aliyesababisha atengwe, na mwili ulijifundisha wenyewe. Mkono ukaenda mgongoni. Akakohoa mara mbili.

"Mimi nauliza tu," alisema. "Huyu Ayubu anamcha Mungu bure?"

Kanisa likapasuka kwa kicheko. Mchungaji aliinama kutafuta kitu chini ya kiti na hakukipata kwa muda mrefu. Mke wa Ndelilio alijifuta machozi kwa kitenge. Ndelilio peke yake hakucheka. Alichukua fimbo yake akatoka.

"Umetumaliza," Loveness alisema walipofika nyumbani. "Huyu mtoto atabatizwa ana ndevu."

Martha hakugomba. Alikwenda mpakani mwa kihamba, shamba lao la ukoo, katikati ya migomba na kahawa, akakata jani la isale, akalifunga fundo, akampa Eliudi. Uchaggani ukiletewa isale huwezi kukataa kusamehe, hata kama hasira imekujaa mpaka kooni.

Eliudi alimkuta mzee kwenye banda la ng'ombe.

"Shikamoo, Meku," alisema, akimwita babu kwa Kichagga.

"Marahaba."

"Nimekuja na isale, Meku. Sikukusudia."

Ndelilio alilipokea, akaligeuza-geuza. "Nilikaa mbele kabisa," alisema. "Nilijiandaa kumzomea yule mwenye mapembe. Nikaingia mimi."

Mzee akamgeukia Eliudi.

"Hivi huwa nakohoa mara mbili?"

"Mbili, Meku. Ukikasirika, tatu."

"Mke wangu anacheka mpaka leo. Akinipa chai ananiambia, 'Mimi nauliza tu, nikuongeze sukari?'"

Jumapili iliyofuata Eliudi na Loveness walisimama mbele ya baraza, na wazee wote wakageuka kumtazama Ndelilio. Akainuka. Mkono ukaanza safari ya kwenda mgongoni, akaurudisha. Akakohoa mara moja, akajiziba mdomo, akakaa. Mshitaki mwingine hakuwepo, kwa kuwa kazi hiyo siku zote walimwachia yeye.

Na Krismasi ilipofika, ndoa yao ikiwa imebarikiwa, Ndelilio mwenyewe aliomba awe baba wa ubatizo wa Davis.

"Mnamkataa Shetani na kazi zake zote?" mchungaji aliuliza.

Eliudi akamtazama Ndelilio, Ndelilio akamtazama Eliudi. Loveness akamkanyaga mumewe mguu.

"Namkataa," Ndelilio alisema.

Eliudi alikikumbuka kicheko kile cha siku ya igizo, jinsi kilivyokuwa kitamu, mzee wa watu akichukua fimbo yake. Aliona haya.

"Na mimi namkataa," alisema.

Maji yalipomgusa utosini, Davis alikohoa mara mbili. Kanisa zima likashika pumzi, macho kwa Ndelilio, na safari hii yeye ndiye aliyeanza kucheka.