Fataki za Kwanza za Anaís

Mwanamke aliyechapisha fulana tano, akaandika "Bibi" kwenye moja tu, na hiyo moja akaivaa yeye, asije kuniambia kwamba alisahau. Hakusahau.

Fulana zote zilikuwa nyekundu. Kifuani zimeandikwa "Fataki za Kwanza za Anaís", na mgongoni kila mtu na cheo chake. Noelia, mke wa mwanangu, alikuwa "Mama". Mwanangu Efraín, "Baba". Anaís mwenyewe, mtoto wa miezi kumi, "Malkia". Ivelisse, mama yake Noelia, aliyetua kutoka Ponce, kisiwani kwetu, wiki mbili nyuma na masanduku kama anahamia, ndiye "Bibi". Na mimi Migdalia, niliyemlea mtoto yule tangu kitovu chake hakijakauka, nikapewa "Familia". Hata mpwa wa jirani angeweza kuitwa familia.

"Mkwe, usinune bwana," Ivelisse aliniambia pale mlangoni, akiwa amembeba Anaís kiunoni. "Mchapaji alisema nafasi ya mgongoni ni finyu."

"Kwani 'Familia' ni fupi kuliko 'Bibi'?"

"Eti! Utabaki hivyo hivyo, we mwanamke. Kila kitu kesi."

Niliivaa, kwa sababu Efraín alinitazama kwa macho ya kuomba amani. Juu yake nikavaa sweta. Joto la Florida la mwezi wa saba, watu wanajipepea kwa vifuniko vya sufuria, mimi nimefunga sweta mpaka kidevuni.

"Mama, utaanguka kwa joto," Efraín akasema.

"Niache, baba. Nasikia baridi."

Nilikuwa nasikia wivu. Nitaficha nini? Wivu ulikuwa umenikaa kooni tangu mwanamke yule ashuke kwenye ndege, na kila nikimeza haushuki.

Mwanangu na mkewe wanafanya kazi hotelini, zamu ya jioni, yeye mapokezi na mkewe kwenye mgahawa. Kwa hiyo kila alasiri Anaís alikuwa analetwa kwangu. Nyumba yangu iko Kissimmee, upande wa nyuma ina kibaraza chenye wavu wa kuzuia mbu, na ukikaa pale jioni unazisikia fataki za bustani ya burudani kila siku iendayo kwa Mungu. Sisi wa mtaa ule hata hatuinui vichwa. Mbwa wa jirani haamki. Mlio wa kwanza ukipiga, mimi huweka chini kikombe cha kahawa, namlaza Anaís begani, namtia chupa ya maziwa mdomoni. Ikifika ile milio mikubwa ya mwisho, mtoto kashalala. Halafu namkuna kidogo nyuma ya sikio la kushoto, naye anacheka usingizini, macho yamefumba. Hicho kicheko ndicho kilikuwa mshahara wangu.

Wazazi wake hawakuyajua hayo. Walikuwa wakimkuta amelala, wanamchukua, wanaondoka. Siku zao za mapumziko hubaki kwao, ng'ambo ya mji, ambako fataki hazisikiki.

Sasa Ivelisse amestaafu. Alipofika tu, akatangaza mezani, huku anakula wali wangu wa mbaazi, kwamba amekuja kukaa. "Mtoto nitamlea mimi, hapo hapo nyumbani kwao. Migdalia naye apumzike, maskini, amechoka." Nimechoka na nani? Nani kamwambia nimechoka? Noelia akainamia sahani yake akasema, "Tutaongea, jamani. Tutoke kwanza kwenye fataki, kisha tuamue." Kwa kuanzia, akasema, mtoto abaki na Ivelisse mpaka siku hiyo, waone.

Wiki mbili sikuletewa mtoto. Jioni nakaa kibarazani peke yangu, fataki zinalia, na bega langu halina mtu.

Lakini Mungu si Athumani. Siku ya tatu simu ikalia, Ivelisse huyo, sauti imemkauka.

"Mkwe, hebu niambie. Huyu mtoto kwako alikuwa analala?"

"Alikuwa analala."

"Kwangu halali! Nimemwimbia, nimemwogesha, nimemzungusha sebuleni mpaka magoti yanalia. Mpaka mamake arudi kutoka kazini ndio anazima."

"Labda meno," nikamwambia.

"Meno?"

"Meno yanasumbua sana."

Nikakata simu, nikajimiminia kahawa, na kahawa ile ilikuwa tamu kuliko zote nilizokunywa mwaka huu. Sikumwambia kuhusu mlio. Kwa nini nimwambie? Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na yeye alitaka kazi. Haya, afanye.

Basi, siku ya fataki tukaenda bustanini kwenyewe. Mimi ndiye mwenyeji, mimi ndiye ninayejua pa kukaa: si mbele kabisa ya lile kasri la katikati ya bustani, wanakokimbilia wageni, maana upepo ukigeuka moshi wote unawaingia machoni, bali ukingoni mwa njia, upande wa kushoto, karibu na ua wa maua. Sehemu hiyo lazima uiwahi jua likiwa bado kali, utandike blanketi, ukae juu yake usitoke. Na nani wa kukaa? "Familia", bila shaka. Wao wakaenda kupanda mashua, wakaenda kupiga picha na wanasesere wakubwa. Mimi na sweta langu tukabaki kulinda blanketi.

Kila wakipita nawaona. Ivelisse mbele, mtoto mikononi, mgongoni BIBI kwa herufi nyeupe zinazoonekana mpaka Ponce. Muuza bisi akamwambia, "Hongera bibi, mjukuu umefanana naye." Amefanana naye wapi? Pua ile ni ya marehemu mume wangu, kila mtu Kissimmee anajua.

"Uzuri gani huu!" Ivelisse alikuwa akisema kila dakika, akimbusu mtoto. "Uzuri gani, mashavu gani!"

Kwetu mtoto hasifiwi hivi hivi. Ukimsifu, unaongeza hapo hapo "Mungu ambariki", la sivyo jicho linampata. Ivelisse, kwa furaha yake, alikuwa anasahau. Nami kila akisahau nilikuwa namalizia kimoyomoyo, "Mungu ambariki, Mungu ambariki." Nikajiona mwema. Halafu nikagundua kwamba jicho nililokuwa namkinga nalo mtoto ni langu mwenyewe, na hilo likanikera zaidi.

Jua likazama. Watu wakajaa mpaka huwezi kunyoosha mguu. Wakarudi kwenye blanketi, Noelia akamvisha Anaís vile vifuniko vya masikio, vikubwa kuliko kichwa chake, na Efraín akaandaa simu kupiga video.

"Nataka uso wake fataki ya kwanza ikipasuka," Ivelisse akasema. "Atashangaa! Nitawatumia Ponce yote."

"Akilia je?" Noelia akauliza.

"Akilia yuko na bibi yake."

Nilijikaza kisabuni. Ndani ya mkoba wangu, chini ya leso, nilikuwa na chupa ya maziwa, nimeifunga kwa kitambaa ibaki na joto. Mpango wangu ulikuwa rahisi. Mlio wa kwanza ukipiga, mtoto atatafuta bega lake. Atageuka kwenye mikono ya Ivelisse, ataninyooshea mikono mbele ya wote, na mbele ya video, na Noelia ataona mwenyewe mtoto ni wa nani. Nikafungua sweta. Nikalilegeza bega la kushoto. Nikasogea karibu kidogo, kama mtu anayetafuta tu nafasi ya miguu.

Taa zikazimwa. Watu wote wakasema aaah. Fataki ya kwanza ikapanda juu ya kasri, ikapasuka.

Vifuniko vya masikio havikuzuia kitu, mlio ule unaingia kifuani. Anaís hakushtuka. Hakulia. Alipiga mwayo mkubwa, macho yakamlegea, akatia kidole mdomoni. Nikanyoosha mikono. Ndipo akageuza uso, akaulaza begani kwa Ivelisse, akalala.

Kwa Ivelisse! Kwenye bega la kwanza lililokuwa karibu, kama mtu aliyechoka anavyokaa kwenye kiti chochote. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi ndiye niliyemfundisha mtoto yule kwamba mlio maana yake ni kulala, miezi kumi, jioni baada ya jioni, na sasa kazi yangu yote ilikuwa inakoroma kwenye fulana ya mwenzangu.

"Amelala!" Ivelisse akanong'ona. Juu mbingu inawaka kijani na dhahabu, watu wanapiga makofi, yeye haangalii. "Noelia, mwanangu, tazama. Amelala kwangu! Wiki mbili nzima. Alikuwa ananizoea tu, kumbe!"

Machozi yalikuwa yanamtoka kweli. Noelia akamshika mkono mamake, akaniangalia mimi, akaangalia pembeni. Nilimwelewa. Kesi ilikuwa imekwisha, na shahidi wangu ndiye aliyenifunga.

Bado nilikuwa na karata moja. Ningenyamaza. Kesho jioni, ng'ambo ya mji, hakuna fataki, mtoto atalia mpaka usiku, na keshokutwa hivyo hivyo. Mwisho Ivelisse angefunga masanduku mwenyewe, arudi Ponce na fulana yake. Nilikuwa natakiwa kufunga mdomo tu. Niliona raha ya wazo hilo, sitasema uongo.

"Mwangalie macho yake," Ivelisse akasema, akimpapasa mtoto chini ya jicho kwa kidole. "Yamevimba, masikini. Hajapata usingizi wa maana tangu nije. Nilianza kudhani mimi ndiye ninayemuumiza."

Nikatazama. Mwanga mwekundu ukampiga mtoto usoni nikaona kweli, kope zimevimba, na chini yake weusi ambao mtoto wa miezi kumi hapaswi kuwa nao. Meno, nilikuwa nimesema. Meno!

"Si wewe," nikasema.

"Nini?"

"Nasema si wewe aliyemlaza. Ni mlio. Kibarazani kwangu fataki zinasikika kila jioni, amelala nazo tangu kuzaliwa. Kwenu hazifiki. Ndio maana halali."

Efraín akashusha simu. Ivelisse akanitazama, na fataki zikawa zinapasuka kwenye miwani yake.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Nilipokupigia simu, ulijua?"

"Nilijua, mkwe."

"Ukaniambia meno! Mimi nazunguka na mtoto sebuleni kama punda wa kinu, goti limevimba hili, wewe umekaa kwako unanywa kahawa!"

"Na keki," nikasema, maana sasa kulikuwa na haja gani ya kuficha.

Nilijiandaa kwa tusi. Ivelisse akamweka sawa mtoto begani, kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani analia tena. Alikuwa anacheka, anajizuia asimwamshe mtoto.

"We mwanamke una roho ya paka," akasema. "Lakini ngoja nikwambie. Ningekuwa mimi, nisingesema hata leo."

"Najua. Ndio maana nilisita."

"Na ile fulana," akasema, "mchapaji hakuniambia kitu. Ni mimi."

"Najua hilo pia."

Fataki za mwisho zikapanda zote kwa mpigo, ule mshindo unaotikisa madirisha yangu nyumbani. Anaís akavuta pumzi ndefu akazama zaidi. Nikatoa chupa mkobani nikampa Ivelisse, nikamwonyesha namna ya kuishika bila kumwinua kichwa, na mkono wa pili uwe wapi mgongoni. Roho ilikuwa bado inauma, isidhaniwe iliponywa na kicheko kimoja.

Tulipokuwa tunatoka, katikati ya lile jeshi la vigari vya watoto, Noelia akaamua njiani. Ivelisse atabaki, mchana mtoto ni wake. Jioni wote wawili watakuja kibarazani kwangu. "Na mkigombana," akasema, "namwajiri mlezi."

Ndivyo tunavyokaa sasa. Jioni Ivelisse anafika na mtoto na maneno yake, anakosoa kahawa yangu, anakunywa vikombe viwili. Ameniletea fulana mpya, nyekundu, imeandikwa BIBI. Nimeipima kwa vidole: herufi zake ni ndogo kuliko za kwake. Bega tunapokezana, leo lake, kesho langu. Jana ilikuwa zamu yake. Mlio wa kwanza ukapiga, mtoto akapiga mwayo, akalala pale kwake, na mimi nikakaa mikono mapajani, naangalia.

"Mkwe," akaninong'oneza, "kuna kingine chochote kuhusu huyu mtoto ambacho hujaniambia?"

"Hakuna," nikamjibu. "Umeshajua yote."

Akainuka kwenda kuchukua kanga ya kumfunika, akanipa mtoto nimshikie. Nikageuka kidogo kuelekea ukutani, nikapeleka kidole nyuma ya sikio la kushoto.