Dawa Iliyotangazwa

Katika nchi ya Tandavala, ambako wanyama walitawaliwa kwa sheria na kwa hofu, hakuna dawa iliyoruhusiwa kunywewa mpaka iwe imechapishwa kwanza katika Jarida la Nchi. Na hakuna kilichochapishwa humo mpaka msomi mwingine, asiyejulikana na mwandishi, akipekue na kukiridhia. Mhariri wa jarida hilo alikuwa Bi Nungunungu, mjane mwenye miwani, aliyerudisha zawadi hata za sikukuu.

Mwaka ule homa ya ndama ilipoingia, Mbweha, Waziri wa Tiba na kipenzi cha Mfalme Nyati, alimletea makala. Alidai kwamba maji ya magome ya mgunga yamewaponya ndama wote wa ukoo wa pofu waliojaribiwa katika Bonde la Magharibi. Bi Nungunungu alifurahi, maana nyumba nyingi zilikuwa matangani. Akampa Pimbi, msomi wa mitishamba aliyeishi majabalini, aipekue.

Pimbi hakuridhika na kusoma tu. Alishuka hadi bondeni, kisha akaja ofisini vumbi limemjaa masikioni.

"Bi Mhariri, hakuna jaribio lililofanyika," alisema. "Pofu walihama bonde lile tangu kiangazi kilichopita. Nimewafuata huko walikohamia. Hawajanywa magome yoyote, na huyo Waziri hawajamwona."

"Una hakika?"

"Nimezungumza nao mwenyewe. Mimi yangu nimemaliza. Iliyobaki ni kazi yako."

Bi Nungunungu akamjulisha Mbweha kwamba makala yake imekataliwa. Kesho yake akaitwa barazani.

"Mhariri," Mfalme Nyati alisema, kwa upole uliowafanya madiwani watazame kwato zao, "ndama wa nchi hii wanakufa, nawe umeikalia dawa?"

"Mtukufu, haijathibitishwa kuwa ni dawa. Waliotajwa kujaribiwa hawakujaribiwa."

"Nani kasema?" Mbweha akadakia. "Amtaje huyo aliyepekua! Huenda ana wivu. Huenda ni adui wa serikali."

"Jina lake silitoi, Mheshimiwa. Hiyo ndiyo ahadi ya jarida."

"Baki nalo," Mfalme akasema. "Mimi sitaki jina, nataka makala. Nimekwisha kuwatangazia raia kwamba dawa imepatikana. Unataka nionekane mwongo?"

Twiga, mwenyekiti wa wasomi, aliinamisha shingo yake ndefu na kushauri, kwa sauti ya asali, kwamba kasoro ndogondogo zinaweza kurekebishwa katika toleo lijalo.

Bi Nungunungu aliwatazama mmoja mmoja. Hakuna aliyemtazama. Akaitikia kwa kichwa. Njiani alijiambia kwamba walau amemkinga Pimbi, na kwamba magome ya mgunga, hata yasipoponya, hayajapata kumdhuru mnyama yeyote. Aliyarudia maneno hayo mpaka akafika kwake, na bado hayakumtuliza. Makala ikatoka ukurasa wa mbele.

Magome hayakumdhuru yeyote. Kilichodhuru ni imani. Kina mama waliokuwa wamewatenga wagonjwa ng'ambo ya mto waliwanywesha maji yale, wakawarudisha kulala na wenzao, na homa ikasambaa kama moto wa nyasi.

Siku moja Bi Swala aliingia ofisini bila kupiga hodi.

"Wewe ndiye mhariri?"

"Ndimi, mama. Karibu."

"Sikai. Mimi sijui kusoma, mwalimu ndiye aliyetusomea. Nikamrudisha mwanangu kwa ndugu zake. Wote wamekwenda. Nimekuja kuuliza neno moja tu. Wewe uliyasoma yale kabla yetu?"

"Niliyasoma."

"Na uliyaamini?"

Miiba ya Bi Nungunungu ilisimama, kisha ikalala. Uongo ulikuwa karibu, lakini alishindwa kuutamka mbele ya macho yale.

"Hapana," akasema.

Bi Swala hakulia wala hakutukana. Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama aliyeelekezwa njia, akatoka.

Bi Nungunungu alikwenda moja kwa moja mtamboni akachapa tangazo: makala ya magome imefutwa, jaribio halikufanyika, mhariri alijua na akaichapisha kwa woga, watengeni wagonjwa. Alilipeleka mwenyewe kwenye visima vya maji na kulisoma kwa sauti mpaka askari wa Ngiri, mkuu wa ulinzi wa Mfalme, walipomfunga kamba. Mpwa wa Mbweha akapewa kiti chake, na kulitaja tangazo lile kukawa uhaini. Lakini kina mama waliwatenga tena ndama wao, na tarumbeta ya ikulu ilipowaita kusikiliza hotuba, uwanja ulibaki mtupu.

Asubuhi moja Mfalme Nyati alifika gerezani bila walinzi. Alikuwa amekonda.

"Mwanangu ana homa," alisema. "Mbweha kaleta magome. Nimpe?"

"Usimpe, Mtukufu. Mtenge."

"Nimekwisha kumtenga. Basi nimpe nini?"

"Sijui."

"Utakosaje kujua? Kila kinachoandikwa na wasomi hupita mikononi mwako! Lazima yuko aliyeipata dawa ya kweli."

"Walikuwapo waliokuwa wakiitafuta," Bi Nungunungu akasema. "Siku ile mimi na wewe tulipotangaza kwamba imepatikana, waliacha kutafuta."

"Nitawaamuru waanze tena. Leo hii!"

"Wataitika, Mtukufu. Lakini kutafuta huchukua muda."

Mfalme alifungua kinywa kutoa amri nyingine, akaikosa.