Trei Zilizoijaza Roshani Yangu

Uvumi wenyewe ulinikuta nimepiga magoti chini ya sinki la choo cha wanawake, mkono mzima umo ndani ya bomba. Su-Chu, mfagiaji mwenzangu, aliinama akaninong'oneza.

"Shoga, umesikia? Kitengo kitakachoshika mkia kwenye taka mwezi huu kinavunjwa. Watu wanarudishwa makwao."

"Nani kasema?"

"Kila mtu."

Kila mtu alinitosha. Binti yangu Wan-Ching alikuwa Kitengo cha Nne cha kiwanda chetu cha bodi za kompyuta, hapa Taoyuan. Alikuwa na miezi miwili tu kazini, bado yuko kwenye majaribio, na ndiye aliyepewa kupima taka za kitengo na kutia saini.

Mimi niliishia darasa la sita. Hesabu yangu ni ya ufagio: uchafu ukipungua, pamekuwa safi. Basi nikaamua kumpunguzia mwanangu taka kwa mikono yangu mwenyewe.

Glavu zenye mafuta na vitambaa vya dawa sikuvigusa. Hata paka angevikimbia. Nilichukua, kwenye mapipa ya kitengo chake, zile trei za plastiki za kubebea vipuri, nyeupe, zinang'aa kama zimetoka dukani. Jioni nilizipanga kifuani na mgongoni, nikavaa koti la mvua juu yake, nikapanda pikipiki yangu ndogo.

Getini, mlinzi Bwana Tu alinitazama, akatazama mbingu.

"Shangazi, mvua iko wapi?"

"Inakuja."

"Na huo unene?"

"Huo umeshafika."

Kwetu taka hazitupwi, zinakabidhiwa. Gari linapita na muziki wake, watu wanatoka na mifuko, na gari la vitu vya kurejelezwa, vile vinavyotengenezwa upya kiwandani, linafuata nyuma. Siku mbili walipokea trei zangu. Siku ya tatu mwanamke wa gari alizirudisha kifuani kwangu, majirani wote wanaona.

"Mama, umefungua kiwanda chumbani? Hizi za kampuni. Sichukui!"

Nikarudi nazo. Roshani ikajaa, uvungu wa kitanda ukajaa, nikafika kwenye meza ya kuwaombea wazee waliotangulia na kumwomba radhi marehemu mume wangu kwa kumziba uso pichani. Wan-Ching alikuwa akiishi bweni la kampuni, kwa hiyo hakuna aliyeniuliza nimeingiwa na nini.

Mwisho wa mwezi tuliitwa ukumbini. Bwana Liao, meneja wa mazingira, alisoma vitengo kimoja kimoja.

"Kitengo cha Nne. Mwezi uliopita, katika kila kilo mia za taka zenu, tisini na moja zilirejelezwa. Mwezi huu, sabini na nne. Ninyi ndio wa mwisho." Akavua miwani. "Wan-Ching, saini ni yako. Trei zimekwenda wapi? Nani anaziuza nje?"

Nilimwona mwanangu anavyofumbata karatasi ya vipimo, nikajua kwamba nikinyamaza ataondoka na jina la mwizi.

"Ziko kwangu," nikasema.

Ukumbi mzima uligeuka. Nikaeleza yote, na ufagio wangu mkononi.

"Subiri, Shangazi," Bwana Liao akasema taratibu. "Umechukua zinazorejelezwa, ukatuachia zisizorejelezwa?"

"Nilichukua zilizo safi."

"Kwa nini hukuchukua glavu?"

"Zinanuka, Bwana."

Kicheko kilichopasuka hapo nadhani kilisikika hadi barabarani. Su-Chu alicheka kuliko wote, bila haya. Wan-Ching hakucheka.

Wala Bwana Liao. Alisema zirudi zote kabla ya saa kumi, la sivyo ripoti ya wizi itapelekwa juu na jina la aliyetia saini. Nilikwenda safari saba za pikipiki, trei zimefungwa kwa kamba hadi juu ya kichwa changu. Mwanangu alizipima fungu kwa fungu bila kuniangalia. Mzani ulipomaliza, Kitengo cha Nne kilifika tisini na kikawa cha tatu.

Ndipo nikathubutu kumuuliza meneja, kitengo cha mwisho kinavunjwa lini?

"Kuvunjwa? Wanapewa somo la nusu siku la kutenganisha taka."

Nami niliongezwa kwenye somo hilo. Nilikaa mstari wa mbele.

Wan-Ching alithibitishwa kazini. Jumapili alikuja kula, akamaliza mabakuli mawili ya tambi, kisha akaweka vijiti chini. "Mama, ukisikia neno kuhusu mimi, niulize mimi."

Akina mama wenye watoto viwandani, jiepusheni na haya:

Habari za chooni.

Kubeba kitu cha kampuni, hata kikiwa ndani ya pipa.

Kupunguza taka kabla ya kuuliza zinahesabiwaje.

Kumsaidia mtoto mzima bila yeye kujua.

Kumpigia simu saa za kazi kumuuliza kama bado ana kazi. Hili mimi mwenyewe bado najifunza kuliacha.