Treni Iliyosahau Mabehewa

Kwa miaka kumi na mmoja Cuthbert Ogle, mwalimu mstaafu wa jiografia, alikuwa akiandika historia ya Kampuni ya Reli ya Skelby na Thornwick. Kampuni yenyewe ilikuwa na maili tisa za reli na injini tatu, na mwaka 1923 ilimezwa na kampuni kubwa bila hata kutafunwa. Kitabu kilikuwa kimefika kurasa mia sita. Cuthbert alijua fika kwamba mtu angeweza kuitembea reli yote kwa miguu kabla hajamaliza dibaji. Lakini treni ya kwanza iliendeshwa na babu wa babu yake, Ephraim, na Ephraim alipewa sura nzima.

Jumamosi aliisoma sura hiyo katika ukumbi wa kanisa. Walikuja watu kumi na wanne, tisa kwa ajili ya keki. Alipofika pale Ephraim "anapouongoza msafara kishujaa," bibi mmoja, Winifred Tasker, akanyoosha mkono.

"Samahani, Bwana Ogle. Huyo si ndiye aliyeondoka bila mabehewa?"

"Bila nini?"

"Mabehewa. Babu wa mama yangu alikuwa mpiga tarumbeta humo ndani. Barua yake hii hapa."

Masikio ya Cuthbert yalipata moto. Angeweza kusema barua haiaminiki, na midomo ilikwisha kufunguka. Lakini mwandiko ulikuwa safi, na tarehe ilikuwa ile ile ya safari ya kwanza. Akavaa miwani, akaisoma mwenyewe kwa sauti:

"Tulipiga wimbo wa kuaga, ila hatukuondoka. Ogle alisahau kutufunga kwenye injini. Alikwenda peke yake mpaka Thornwick akipunga kofia, na meya akampa shada la maua kabla ya kumuuliza abiria wako wapi."

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Mimi wala sishangai," mkewe Hilda akadakia kutoka kwenye meza ya chai. "Mwaka jana huyu kaniacha kituo cha mafuta. Kaenda maili ishirini anaeleza habari za breki!"

"Nilidhani unanisikiliza, mpenzi."

"Hata ningekuwemo, nisingekusikiliza!"

Cuthbert akacheka mpaka akashika meza. Wiki hiyo alifuta kurasa mia tatu na hamsini, nyingi zikiwa sifa za ukoo wake, na barua ya mpiga tarumbeta akaiweka ukurasa wa kwanza.