Mbu Asiyefinya

Kabla kamera haijaja, mbu wa kijiji chetu cha Namawala alikuwa mimi. Sisemi wale wanaonaswa na vijana wa utafiti na kutiwa vikombeni. Hao ni wengi na hawana majina. Mimi nilikuwa Mbu wa igizo letu la nyimbo, "Bi Harusi wa Bondeni", na jina langu lilijulikana mpaka kijiji cha Mbingu. Mtoto akigoma kuingia ndani ya chandarua, mama yake alimwambia, haya, kaa hapo hapo, Bibiana anakuja.

Igizo lenyewe halina makuu. Mbu ni bi harusi, ana mimba, ana njaa, anaomba damu kwa kuimba. Bwana Chandarua hataki kusikia, na mwishoni anamkumbatia kwa wavu wake mpaka anakufa. Lakini katikati upo wimbo wa "Nipe Tone", na huo ndio uliokuwa unaleta watu. Nikiufikia nilishuka jukwaani, nikaingia kwa watazamaji, nikawafinya. Siyo kufinya kwa kubembeleza, hapana, kwa kucha. Watu walinyoosha mikono tangu ubeti wa kwanza, wazee kwa vijana, maana iliaminika kwamba msichana aliyefinywa na Mbu ataolewa kabla ya mavuno, na mfugaji aliyefinywa hapotezi ng'ombe. Nani alianzisha maneno hayo sijui, ila sikuyakanusha.

Watu wa nyumbani kwangu tu ndio sikuwagusa, nisije nikaambiwa napendelea. Mwanangu Happyness alikaa mstari wa mbele kila mwaka tangu ana meno ya utotoni, mkono nje, nami nilimpita kama sijamwona.

Halafu nilikuwa nakufa. Nikishaanguka, watu walipiga kelele, "Rudia!" Basi nainuka, nakufa upya. Mara tatu kila onyesho. Teofili, aliyekuwa Chandarua, alilalamikia mgongo wake, kwa sababu mbu mwenyewe si mwepesi, lakini watu walitaka na watu walipewa.

Ndipo akaja Aikande. Huyu ni binti wa wafanyakazi wa shamba la miwa, alikwenda kusomea filamu Dar es Salaam, akarudi na kofia ambayo haivuliwi hata kanisani. Akasema igizo letu litakuwa filamu. Nikamlisha vitumbua vya bure wiki nzima, nikijua kabisa Mbu atakuwa nani. Siku ya kuchagua waigizaji akanitazama kupitia kamera yake, kisha akaishusha polepole.

"Shikamoo mama," akasema.

Alishaniamkia asubuhi ile ile. Mtu akikuamkia mara mbili ujue ana jambo baya.

"Kamera inatazama kwa karibu mno, mama. Nahitaji mbu mwembamba."

"Kwani mbu akishiba anakuwa mwembamba?" nikamuuliza.

Akaigeuza kamera upande wa pili. Akamchagua Happyness.

Wivu ulinishika, na sioni haya kuutaja. Mwanangu nampenda sana, lakini mtu unaweza kumpenda na bado ukamtakia kwikwi. Tangu masika tulikuwa tunasalimiana na kupakuliana wali, basi. Asubuhi ya kuonyeshwa filamu alinijia jikoni na gauni jipya la kitenge.

"Mama," akasema, "watu wakiicheka, mimi siimbi tena. Si kwenye kamera, si jukwaani. Nitakaa hapa tuuze vitumbua."

"Unga upo," nikamjibu.

Alipotoka niliomba waicheke. Nilimwomba Mtakatifu Antoni, ambaye kazi yake ni kutafuta vilivyopotea, na nafasi yangu ilikuwa imepotea.

Filamu ilionyeshwa alasiri, ndani ya ghala la mpunga, madirisha yamezibwa kwa maturubai ili kuwe na giza. Ukutani walitundika shuka jeupe. Nje jenereta linakohoa, ndani kijiji kizima kimekaa juu ya magunia kinatoka jasho. Na mbu halisi, walipoona usiku umewahi kuingia, wakatoka pembeni wakaja kazini. Watu wakaanza kujipiga mapajani na shingoni, pah, pah, pah. Aikande, aliyekuwa nyuma na mtambo wake, akadhani anapigiwa makofi. Nilimwona anainamisha kofia kushukuru.

Picha ya kwanza ilipigwa kutoka angani: mto, mashamba ya mpunga, kijani kibichi mpaka milimani. Mzee Shilinde, mfugaji wa Kisukuma, akasimama na fimbo yake.

"Yule pale ng'ombe wangu! Yule mwenye baka!"

Watu wakamshangilia ng'ombe kwa vifijo. Kisha sauti ya Polycarp, mkulima wa mpunga, ikatoka gizani.

"Na hapo aliposimama ni shamba la nani?"

Polycarp naye akasimama.

"Dada Aikande, rudisha nyuma! Rudisha hapo!"

Aikande, kwa furaha kwamba picha yake imependwa, akarudisha. Ng'ombe yule yule, baka lile lile, mdomo umejaa mpunga wa Polycarp. Msimu mzima Shilinde alikuwa ameapa kwamba ng'ombe wake hawajavuka mtaro.

"Hiyo ni filamu," Shilinde akajitetea. "Kwenye filamu kila mtu anaigiza."

"Ng'ombe wako anaigiza nini?"

"Njaa."

Ilibidi mwenyekiti wa kijiji asimame mbele ya shuka, ng'ombe akimtembea usoni, aahidi kwamba kesi itasikilizwa Jumatatu. Filamu ikaendelea. Shilinde bado hakuridhika. Akainama kwangu, mimi na Teofili tulikuwa nyuma yake, akaniita mama kwa Kisukuma, akauliza kwa sauti ya kusikika ghala zima, "Mayu, hii ngoma inashindana na ipi?" Kwao ngoma mbili huchezwa uwanja mmoja, na inayovuta watu ndiyo mshindi. Ngoma inayocheza peke yake haimwingii akilini.

"Haishindani na yoyote, mzee," nikamwambia.

"Sasa tutajuaje kama ni nzuri?"

Kisha akaja mwanangu. Mabawa yake yalikuwa ya kitambaa kinachong'aa, na kiuno, haya, kiuno kilikuwepo. Akaanza "Nipe Tone". Sauti ya Happyness ni nzuri, nisimnyime haki yake. Mara nikasikia magunia yanalia ghala zima, watu wanajiinua kidogo, na kwenye mwanga wa shuka nikaiona mikono. Mikono ya kila mtu, imenyooshwa, mikono ya shati imekunjwa mpaka kwenye kiwiko. Wanangoja.

Happyness akaimba akisogea, akasogea zaidi, mpaka jicho lake likawa kubwa kama dirisha. Watu wakashika pumzi. Halafu picha ikageuka, ukaja mwezi juu ya maji.

Mikono ilibaki hewani.

"Mbona hashuki?" mtu akauliza.

"Atashuka, ngoja."

Hakushuka. Ukaja mwezi mwingine.

"Mbu gani huyu hafinyi?"

"Ni dume!" Shilinde akatangaza. "Tumekalishwa hapa na mbu dume!"

Hapo ndipo ghala lilipopasuka. Namawala nzima inajua dume la mbu haliumi mtu. Watu walicheka mpaka magunia yakaanza kuporomoka. Wakapiga miluzi. "Zima hiyo! Tuletee Bibiana!" Mwingine akadakia, "Bibiana! Bibiana!" na jina langu likazunguka ghala lote.

Nilifurahi. Nilifurahi kweli kweli, mpaka nikahisi mabega yangu yanatanuka. Mtakatifu Antoni alikuwa amefanya kazi yake. Nikanyoosha shingo nimwone mwanangu.

Alikuwa mstari wa mbele, mahali pale pale pa siku zote. Mikono ya wengine ilikuwa inashuka mmoja mmoja, watu wanajifutia machozi ya kicheko. Mkono mmoja tu ulikuwa umebaki nje, na ulikuwa wake. Kichwa ameinamisha, mabega yanamtikisika, na mkono ameunyoosha. Alikuwa amejitazama mwenyewe ukutani akiimba, na bado, kwa mazoea ya tangu utoto, alikuwa anamngoja Mbu.

Hilo sikuliomba. Furaha yote ilinitoka, nikaona aibu mpaka masikio yakawaka.

Nikasimama.

"Mama Happy, wapi tena?" Teofili akaniuliza.

"Kazini."

Nikamfinya yeye kwanza, akapiga ukelele uliosikika barabarani. Nikaushika wimbo pale mwanangu alipofika, nikaimba naye, yeye ukutani, mimi chini. Nikamfinya Polycarp. Nikamfinya mwenyekiti, ambaye hakuwa amenyoosha mkono lakini alistahili. Nikamfinya Shilinde mara mbili, moja yake, moja ya yule ng'ombe.

"Wabeja, mayu!" akashukuru huku anausugua mkono. "Sasa ngoma zimekuwa mbili!"

Na alisema kweli. Nilipotazama, ghala zima lilikuwa limeligeuzia shuka mgongo. Wote wananitazama mimi, wamenyoosha mikono kwangu, na nyuma yao mwanangu anawaimbia visogo. Kwa sheria ya akina Shilinde nilikuwa nimeshinda. Ningetaka, ningetoka nao mlangoni mpaka uwanjani, na filamu ingebaki na jenereta lake.

Nikageuka upande wa shuka. Nikatembea polepole, mstari kwa mstari, na kila aliyetaka kufinywa alilazimika kugeuka na mimi. Nilipofika mbele, kijiji kizima kilikuwa kinatazama tena ukutani. Happyness alikuwa bado na mkono wake nje. Uso wote maji.

Nikamfinya. Kwa kucha, kama mtu baki.

"Umechelewa, mama," akasema.

Nikamfinya tena.

Ulikuwa umebaki ubeti wa mwisho. Nikafunga mdomo, jambo ambalo wanaonijua watalisimulia miaka mingi, nikakaa chini sakafuni karibu na miguu yake. Akaimba peke yake, yule wa ukutani. Watu walikuwa wanasugua mikono yao na kusikiliza, na hakuna aliyepiga mluzi.

Mwishoni Chandarua akamkumbatia, Mbu akaanguka, maandishi yakaanza kupanda. Alikufa mara moja tu.

"Rudia!" ghala likapiga kelele.

"Imeisha!" Aikande akajibu kutoka nyuma.

"Rudia!"

Nadhani hapo ndipo aliposomea filamu kwa mara ya kwanza. Akarudisha nyuma, Happyness akafa. Wakapiga kelele tena, akarudisha tena.

Kifo cha kwanza sikukiona, nilikuwa naitafuta kandambili yangu. Cha pili niliwatazama watu. Cha tatu ndipo nilipomtazama mwanangu. Alikunja bawa moja polepole, lingine akaliacha wazi, kama mtu aliyemwekea mwenzake nafasi ya kulala. Miaka yote hiyo mimi nilikuwa naanguka tu, pu, kama gunia.

"Nani alikufundisha kufa hivyo?" nikamnong'oneza.

"Wewe."

Muongo. Sijawahi kufa vizuri hivyo.